Ngao na Zamu ya Maji

Leo nina deni nataka kulilipa, na deni lenyewe ni la kalamu. Mwaka 2001, damu ilipomwagika katika bonde la chini la Mto Tana baina ya Wapokomo kwa upande mmoja na Waorma na Wawardei kwa upande wa pili, mimi niliketi zangu Malindi nikaandika makala mafupi. Nilisema kwamba huo ni uhasama wa jadi, kwamba mkulima na mfugaji ni paka na panya tangu ulimwengu kuumbwa, na kwamba hapakuwa na la kustaajabisha. Sikuwa nimevuka hata Gongoni. Nilichukua ya redioni nikayachanganya na ya baraza la kahawa, nikapamba kwa methali mbili tatu, na watu wakanipongeza.

Miaka ikapita, nikakutana na mzee mmoja wa Ngao katika matanga ya rafiki yetu sote wawili. Kumbe alikuwa ameyasoma makala yale, na tena ameyahifadhi kichwani. Hakunifokea. Aliniuliza tu: "Ustadhi, huo uhasama wa jadi ulikuwa umelala wapi siku zile marehemu baba yangu akila samli ya Waorma, nao wakila mahindi na ndizi zetu?" Nilimung'unya maneno. Akaniambia nije Ngao niione malka kwa macho yangu, kisha niandike tena.

Basi nimekwenda. Ukitoka Malindi kwa basi la Lamu washuka Minjila, ambapo njia ya Garissa inakutana na ya Lamu, na hapo wapanda pikipiki. Ngao iko chini ya Garsen, kwa kufuata maji yaendako. Ni mji wa miembe mikubwa, wa shule na hospitali. Wamishonari wa Kijerumani wa Neukirchen walianza kazi yao hapa mwaka 1887, na hata leo wenyeji wake wengi ni Wakristo kama walivyo Wapokomo wengi wa chini. Wapokomo wa juu, wa kuelekea Hola na kwendelea, aghalabu ni Waislamu wenzetu. Naeleza hayo kwa sababu wako kati yetu waliodhani kwamba ugomvi wa Tana ni wa dini. Mwenyeji wangu, Mkristo mtu mzima, ilipofika adhuhuri alinitandikia mkeka chini ya mwembe, akanionyesha kibla bila ya kuulizwa, akawafukuza kuku.

Kipokomo na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja. Ukiwasikiliza wazee wa Ngao wakizungumza, neno hili walielewa, la pili karibu walielewe, la tatu lakukumbusha usemi wa bibi yako. Na huo wimbo wa taifa tunaousimamia wima, sauti yake ilitokana na bembezi ya Kipokomo, iliyotolewa na Mzee Meza Moroa Galana nchi ilipokuwa ikijitayarishia uhuru wa 1963. Mama wa Tana alikuwa akimnyamazishia mtoto.

Sasa tuingie katika malka yenyewe.

Mto Tana hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ukasafiri kiasi cha kilomita 1,000 hata ukaingia baharini karibu na Kipini. Huku chini umejijengea kingo zake wenyewe kwa udongo uliouleta kutoka bara, na juu ya kingo hizo ndipo watu walipoweka vijiji, migomba, miembe na mahindi. Nyuma ya kingo ardhi hushuka ikawa mabonde ambayo mafuriko huyajaza. Humo hupandwa mpunga, na maji yakisimama huwa maziwa ya samaki, kama Shakababo lililo jirani na Ngao. Nyuma zaidi ndiko kwenye nchi kavu ya majani, ambako mifugo hukaa wakati wa mvua. Sasa fikiria kaskazi imepiga, visima vya barani vimekauka, na ng'ombe anataka maji. Baina yake na mto kuna ukanda wa mashamba usiokatika. Atapita wapi?

Atapita kwenye malka. Neno ni la Waorma, na Wapokomo nao walitumia kama lao. Ni njia ya mifugo kutoka barani mpaka kwenye maji, yenye upana uliokubaliwa, na pale inapofika mtoni hapalimwi. Kila malka ina jina lake, na kila jina lina watu wanaolijua. Mkulima akiila kwa jembe amekosa. Mchungaji akitoka nje yake amekosa vilevile.

Jambo ambalo sikulijua mwaka 2001, na ambalo nililifahamu nilipokaa Ngao, ni kwamba malka haikuwa mpaka tu. Ilikuwa miadi. Ardhi ni hiyo hiyo moja, lakini huwa ya huyu kwa mwezi fulani na ya yule kwa mwezi mwingine. Mafuriko yakija ni wakati wa mvuvi na mtumbwi wake. Yakishuka, mkulima hupanda katika tope lililobaki, tope ambalo halihitaji mbolea ya duka. Akishavuna, ng'ombe huingia wakala mabua na majani ya bondeni, wakaacha samadi. Mvua ikinyesha barani, mifugo huondoka. Waliokuwa wakikaa kusema ni lini shamba linafunguliwa, na ni ng'ombe wa nani watangulie, ni wazee: kwa Wapokomo ni baraza liitwalo Gasa, kwa Waorma ni Matadheda. Wafugaji wa mbali, wa Ijara au Garissa, kiangazi kikiwaleta hawakuwa na ruhusa ya kushuka mtoni mpaka wapite kwanza kwa wazee wa Kiorma, na wao wazungumze na wenye mashamba. Na kwa kuwa mvua ya mwaka huu si ya mwaka jana, mazungumzo hayo yalirudiwa kila msimu.

Yalibidi yarudiwe, maana mto wenyewe ni mhamaji. Nani asiyejua habari ya mfereji wa Belesoni? Ulichimbwa kwa mikono katika karne ya 19 ili kuunganisha Tana na mto Ozi, mitumbwi ipate kupita mpaka Kau. Ulikuwa mwembamba. Mafuriko yakaupanua, na mwishowe mto mzima ukahamia humo, ukaacha mdomo wake wa zamani na kwenda kutokea Kipini. Watu wanaoishi na mto wa namna hiyo hawawezi kuwa na sheria isiyogeuka.

Katika kikao kimoja nilisikia wazee wakiikumbuka ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo. Ilichukuliwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na hivi leo imewekwa katika British Museum huko London. Mzee mmoja alisema kwa mzaha kwamba tangu ichukuliwe, kuwakusanya watu kikaoni kumekuwa kazi kubwa. Wenziwe wakacheka, lakini si sana.

Je, miadi hii ilivunjwa na nini? Wa kwanza kulaumiwa ni maji. Kule juu mto ulifungwa mara tano ili kupata umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Sisemi kwamba umeme si neema. Makala haya nayaandika chini ya taa. Lakini bwawa la Masinga pekee laweza kuzuia mita za ujazo zaidi ya bilioni moja na nusu, na maji yanayozuiwa kule ndiyo yaliyokuwa yakipanda kwenye mabonde huku mara mbili kwa mwaka. Mafuriko madogo, yale ya neema, yakapungua. Makubwa, ya maangamizi, hakuna bwawa lililoyazuia, kama walivyoona watu wa Tana mwaka 1997, na 2018, na 2024. Yasipopanda maji, mabonde ya mpunga hayalimiki, na mkulima husogea kwenye kingo. Na kwenye kingo ndiko ziliko malka. Huko Ozi na Kipini balaa ni ya namna nyingine: mto ukipungua nguvu bahari hupanda nao, na mashamba ya mpunga yaliyokuwa yakinyweshwa maji matamu kwa kupwa na kujaa yameingia chumvi. Na hapo katikati lingali lazungumzwa bwawa jingine kubwa, la High Grand Falls.

Pili ni ramani. Mashamba ya mpunga ya TARDA yalipewa eneo kubwa la ardhi kwenye delta, na El Nino ya 1997 na 1998 ikabomoa kuta zake. Ardhi ile haikurudi kwa wenyeji. Mwaka 2001 chanzo cha vita, ambacho mimi niliruka nikakimbilia paka na panya, kilikuwa shughuli ya kupima ardhi ya kingo na kutoa hati za watu binafsi. Wafugaji waliona kwamba hati zikitoka malka zimekufa. Wakulima waliona kwamba zisipotoka wao hawana chao. Kila mmoja aliona kweli. Mwaka 2008 zikaja habari za mashamba ya miwa ya maelfu ya hekta, na za Qatar kupewa hekta 40,000 za kulima chakula chake. Mtu akisikia kwamba ardhi yote itagawiwa wageni, hushika upesi kile kilicho karibu na mkono wake, na kilicho karibu ni cha jirani.

Kisha likaja la 2012. Tarehe 22 Agosti, kijiji cha Riketa, watu zaidi ya 50 waliuawa alfajiri moja, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa Chamwanamuma na Kilelengwani, Desemba ikawa Kipao. Upande huu ukamwaga, upande ule ukamwaga, na uchaguzi wa 2013 ukinusa karibu. Sitasimulia zaidi. Wako wasomaji wangu ambao makaburi yao yako huko, na wao hawahitaji kukumbushwa na mimi.

Ajabu ni kwamba mwaka huo huo wa 2012 delta ya Tana iliandikishwa kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar, hekta 163,600. Dunia ilikuwa ikihesabu ndege wakati sisi tukihesabu maiti. Lakini nisiwe mchungu mno, kwani yaliyofuata yalikuwa na kheri. Wenyeji walikuwa wamekwenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaamuru kwamba utengenezwe mpango wa matumizi ya ardhi ya delta kwa kuwashirikisha wakaao humo. Mpango ukatoka mwaka 2015, kazi ya serikali ya taifa, ya kaunti, ya shirika la Nature Kenya, na ya wajumbe wa vijiji vya wakulima, wafugaji na wavuvi. Malka zikatiwa kwenye ramani. Zikaundwa kamati za vijiji za ardhi na maliasili, na humo wakaingia wanawake na vijana, ambao kwenye Gasa na Matadheda hawakuwa na kiti. Sheria ya Ardhi ya Jamii ikafuata mwaka 2016.

Hayo ni ya karatasi. Nilitaka kuona ya mchanga, na bahati yangu kulikuwa na kesi.

Ilikuwa kaskazi, mahindi ya vuli yamebakisha kama majuma matatu kuvunwa. Mafuriko yaliyotangulia yalikuwa yameula ukingo pale mifugo iliposhukia katika malka moja karibu na Ngao, likabaki gema lililosimama wima kama ukuta. Ng'ombe mmoja aliporomoka akavunjika mguu, ikabidi achinjwe. Wachungaji wakasogea kama hatua mia mbili juu ya mto, wakapata mteremko mzuri. Bahati mbaya mteremko huo ulikuwa mwisho wa shamba la mama mmoja mjane. Mifugo ilipita usiku mara tatu.

Kikao kilikuwa chini ya mwembe ule ule niliosalia. Walikuja wazee wa Gasa, wakaja wazee watano wa Kiorma waliovushwa kwa mtumbwi, ikaja kamati ya kijiji na daftari lake. Kwanza pakawa na salamu ndefu, za hali, za watoto, za mvua. Mimi nilidhani wanapoteza wakati. Baadaye nikafahamu kuwa wanapimana pumzi.

Yule mama aliposimama hakupaza sauti. Alikuwa ameshika mabua saba yaliyovunjika, bua moja kwa kila mstari ulioharibiwa, akayalaza mbele ya wazee moja baada ya moja. "Wazee wangu," akasema, "mimi sina ugomvi na ng'ombe, maana hana akili. Nina ugomvi na aliyemwachia usiku. Mchana angeniona, tungesemezana." Kisha akaketi.

Kijana mmoja wa Kiorma akajibu kwa ukali kidogo, kwamba ng'ombe wa kiangazi hunywa leo akashinda kesho bila maji, na kwamba aliyekuja usiku alikuja usiku kwa kuogopa mapanga ya mchana. Pakapita ukimya ambao sikuupenda. Kila mtu pale alikuwa na miaka ya kutosha kukumbuka 2012. Mzee wa Kiorma mwenye ndevu nyeupe akamkalisha kijana kwa kumgusa bega tu, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Mama, kijana amesema la njaa ya ng'ombe, hakusema la shamba lako. La shamba lako nalisema mimi. Tumekosa." Halafu akaomba wote wainuke waende wakaone.

Tukaenda. Hilo ndilo lililonishika. Hawakuzungumza kesi kwa mbali kama nilivyozungumza mimi mwaka 2001. Walikwenda jua kali likiwapiga, wazee wa miaka sabini na zaidi, wakahesabu mistari, wakapima kwa hatua, wakashika gema lililomeguka, wakatupa fimbo majini kuona mkondo unakwenda kasi gani.

Nilipokuwa chuoni, maalim wetu alikuwa akitusimulia kisa cha ngamia wa Nabii Saleh mara kwa mara, na sisi watoto tulipenda zaidi ile sehemu ya ngamia kutoka jabalini. Nilikua nikiamini kwamba kosa la Thamud lilikuwa kukanusha muujiza. Pale kwenye gema la Tana ndipo nilipokumbuka kwamba walichoamriwa kilikuwa jambo la kawaida kabisa: wagawane maji, siku moja ni ya ngamia na siku moja ni yao. Zamu tu. Hawakuiweza, wakamuua mwenye zamu ya pili. Na Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Ushirika huo sisi wa mijini tunautaja hotubani; wale wazee walikuwa wakiupima kwa nyayo.

Uamuzi haukuwa wa haraka. Ulikwenda mpaka alasiri, chai ikaletwa mara mbili. Mwishowe walikubaliana kwamba mwenye ng'ombe atamlipa mama thamani ya madebe mawili ya mahindi. Kwa majuma matatu mifugo itashuka kwenye malka ya chini, ya kijiji cha pili, na kwa kuwa ile ni nyembamba, mazizi yatakwenda kwa zamu, nusu leo na nusu kesho, na mchana peupe. Mama akishavuna, njia itapita shambani kwake mpaka mvua za masika, ng'ombe wale mabua na samadi ibaki yake. Na katika muda huo vijana wa pande zote mbili watalichimba gema kwa majembe mpaka liwe mteremko, malka irudi kwake.

Mama akauliza: "Na nikipanda mapema, kabla mteremko haujamalizwa?" Wazee wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amewaza hilo. Ikabidi warudi nyuma, wakaongeza kwamba hatapanda kipande kile cha mwisho mpaka kikao kijacho, na kwamba wafugaji watamsaidia kukipalilia. Nikajisemea moyoni, siku ambazo wanawake hawakuwa na kiti, swali kama hili lilikuwa likijibiwa kwa fimbo mwezi wa Aprili.

Kisha ukazuka mjadala ambao ningali naufikiria. Kijana wa kamati, aliyesoma, alileta rai kwamba malka zote ziwekewe nguzo za saruji, zionekane, zisiliwe tena na mtu. Alisema kweli: zile ambazo hazikuandikwa wala kutiwa alama ndizo zilizomezwa na mashamba, na kumezwa kwake ni katika yaliyotufikisha 2012. Mzee wa Gasa akamsikiliza mpaka mwisho, akamwonyesha lile gema. "Mwanangu, ungalikuwa umeweka nguzo yako hapa mwaka jana, leo nguzo ingekuwa mtoni. Au mbaya zaidi, nguzo ingebaki na mto ungekwenda, na wajukuu zako wangepigana kwa ajili ya nguzo." Kijana naye hakushindwa, akauliza: "Basi mzee, na siku nyinyi mkiwa hampo, nani atakumbuka?"

Mimi, nikiulizwa, niko na kijana kwa mkono mmoja na mzee kwa mkono wa pili. Lisiloandikwa huliwa. Lakini ramani ya 2015 ni ya mto wa 2015, na nimeona maofisa wakiishika ramani kama msahafu. Wenyewe walitafuta njia yao ya katikati: daftari la malka, jina la kila malka, mahali inapoanza, mahali inapofika mtoni, upana wake kwa hatua, na upande wa kulia wa kila ukurasa wameacha nafasi tupu ya kuandika mabadiliko, pamoja na tarehe na majina ya waliokuwapo. Nafasi hiyo ni pana kuliko maandishi yenyewe.

Kuna kiti kimoja ambacho kilikuwa kitupu, na mzee mmoja alikitaja akiwa amekwishasimama kuondoka. Alisema sisi tumekubaliana njia za ng'ombe, lakini anayefungua na kufunga maji ya Masinga hajaja kikaoni, wala anywaye maji ya mto huu Nairobi hajaja. Watu wakaitikia kwa vichwa. Sheria za maji za 2002 na 2016 zilileta vyama vya watumiaji maji, na huko nako watu wa delta hukaa na kusema. Lakini mwembe wa Ngao haufiki Seven Forks. Wazee wanaweza kugawana maji yaliyofika. Yasiyofika hawana la kuyagawia, na mwaka ambao mafuriko ya neema hayakuja hakuna Gasa wala Matadheda itakayolifanya bonde kavu liwatoshe wote. Nalisema hili ili tusiwabebeshe wazee wale mzigo usio wao, kisha panapotokea vita tukimbilie tena kuandika juu ya uhasama wa jadi.

Kabla ya kutia vidole gumba walitaka maandishi yasomwe kwa sauti, wote wasikie. Katibu wa kamati ni mtu wa Ngao, na mmoja wa wazee wa Kiorma akasema, bila ya ubaya, kwamba afadhali asome mtu asiye na shamba wala ng'ombe. Wakanigeukia. Mwenyeji wangu, yule yule wa matangani, akanipa daftari na kuniangalia kwa namna ya mtu akumbukaye jambo.

Nikasoma. Nilisoma jina la malka, idadi ya hatua, madebe mawili ya mahindi, zamu za mazizi, kipande cha mwisho cha shamba la mama. Pahali pawili walinikatiza kusahihisha. Mara moja ilikuwa ni mama mwenyewe, kwa sababu mistari saba ilikuwa imeandikwa sita. Wakatia vidole, wino ukawapaka mpaka vifundoni. Ikabaki siku ya kikao kijacho. Ijumaa haifai, walisema wa ng'ambo, na Jumapili haifai, walisema wa Ngao, na Jumamosi kuna mazishi. Wakaafikiana Jumatano, baada ya kuvuna.